Waya Mmoja wa Kompyuta Sita

Juzi, katika ofisi moja mjini Singida, niliona kila kompyuta ikiwa na waya wake hadi kwenye kisanduku cha katikati, nikasikia tena harufu ya rangi mbichi na vumbi la kiangazi.

Nilipokuwa mtoto, mama mdogo alikuwa amefungua darasa la kompyuta mjini humo. Fundi wake alikuwa amepitisha waya mmoja kwenye mashine zote sita. Mimi nilidhani zimefungwa zisiibwe. Alasiri moja mtu akajikwaa, waya ukachomoka, na mashine zote zikaacha kuwasiliana. Wazazi waliokuja kuandikisha watoto wakaanza kuondoka.

“Shikamoo, fundi,” nilisema alipofika. “Kwetu kijijini Mungaa hatufungi mbuzi wote kwa kamba moja. Akiruka mmoja, wanaanguka wote. Kila mbuzi na kamba yake, kigingi katikati.”

“Marahaba. Mchunga mbuzi leo anafundisha mitambo! Kaa kimya.”

“Sikai!”

Nilingoja kofi la mama mdogo. Badala yake akamwambia fundi, “Zifunge anavyosema.”

“Kifaa cha katikati kikifa, mama, zote zitanyamaza.”

Leo najua fundi hakudanganya. Mama mdogo akasimama mlangoni, mbele ya wazazi.

“Basi nitalinda kifaa kimoja. Miguu ya Singida nzima siiwezi.”