Wasichana Wanaojifunza Kuogelea Kemondo

Mdogo wangu alizama ziwani Kemondo akifua nguo. Wimbi lilichukua sketi yake ya shule, akaifuata, akateleza kwenye miamba. Mimi nilikuwa nasoma bweni Muleba. Shangazi ndiye aliyekuja kunichukua, na njiani akanisimulia yote. Kilichonichoma zaidi ni kwamba wanawake waliokuwa wakifua naye walikuwa wengi, na wote walibaki ukingoni wakipiga mayowe. Hakuna aliyejua kuogelea. Kwetu wavulana ndio huingia majini. Msichana akifanya hivyo huitwa mhuni.

Niliwachukia wanawake wale miaka mingi. Nikalichukia na ziwa, hata samaki nikaacha kula.

Nilipoolewa Nshambya, jirani yangu alikuwa mama wa Kiislamu aliyekulia Tanga. Siku moja tukimenya ndizi nikamweleza habari za mdogo wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ungekuwepo, mwanangu, ungefanya nini?"

Nikasema kweli. "Ningepiga mayowe."

"Basi twende ziwani ukajifunze."

Alinifundisha akiwa na gauni refu, ushungi ameukaza kichwani. Nilimeza maji, nikalia, nikayapiga yale maji kwa ngumi. Yeye alikuwa amenishika tumboni. "Usiyapige," aliniambia. "Yasukume nyuma."

Sasa kila Jumamosi nawafundisha wasichana Kemondo, penye mchanga na maji ya kina kifupi, wakiwa wamefungwa madumu matupu kifuani. Mwanzoni wazazi walikataa. Wa kwanza kukubali alikuwa bibi mmoja, miongoni mwa wale waliokuwa wakifua na mdogo wangu siku ile. Alikuja amemshika mjukuu wake mkono, akasimama akitazama chini.

"Mfundishe huyu," akasema.

Nilimpokea mtoto. Tangu hapo sijaweza kumchukia yule bibi, ingawa nilijaribu.

Wasichana wanapocheka majini, najikuta namtafuta mdogo wangu kati yao. Angekuwa mtu mzima sasa, labda na watoto wake. Sauti yake imeanza kunipotea. Nakumbuka tu jinsi alivyokuwa akinikimbilia nikirudi likizo, anataka kubeba sanduku langu lililomzidi uzito.

Mama yetu hajawahi kushuka ziwani tena. Nikipita kwake Jumamosi jioni huwa anauliza jambo moja tu.

"Wote wametoka majini?"

"Wote, mama waitu."

Ndipo ananikaribisha ndani.