Kaa mu sufuria, wimbo mu kinywa

Leo nimeimba wimbo wa Mungu kwa sababu mbaya kabisa.

Mama mukwe alifika hapa kwetu Panda na beseni ya kaa wa muto Lufira, bote bazima. "Mwana wangu, utupikie." Kisha akaenda kupumzika.

Minye sijapikaka kaa hata siku moja! Nikabaweka mu mayi ya baridi, nikafunika, nikaweka sufuria pa mbabula.

Mayi ikaanza kupata moto.

Na bo bakaanza kukwaruza kifuniko.

Kufungua, naogopa. Kusikiliza, siwezi. Basi nikafunga macho, nikaimba kwa nguvu yote.

Mara, mukono kwenye bega. Mama mukwe! Alizani niko naomba. Akainua mikono, akaimba na minye, machozi ikamutoka: "Asante Bwana, mwana wangu alioa bibi wa maombi!"

Tukaimba mpaka sufuria ikanyamaza.

Tulikula. Ilikuwa tamu, sitadanganya.

Sasa ameshapigia mama wa chorale ya kanisa simu: siku ya Mungu, minye ndiye nitaongoza ule wimbo.

Ba rafiki, mungemwambia ukweli?

Nimejaribu kuurudilia mara tatu. Kila nikifika pa "Haleluya", nasikia makucha.