Jina la Bibi Kwenye Jalada

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta kichwani. Ni siku kaka Deo aliposhuka kwenye basi pale Inyonga akiwa na boksi la vitabu begani, anacheka peke yake, na bibi akaagiza kuku achinjwe.

Nimeikumbuka tangu uliponitumia lile jalada kwenye simu. Jina la mama yako, herufi kubwa, na swali lako chini yake: “Mama mkubwa, riwaya kuitwa kwa jina la mhusika mkuu inafaa?” Ukaona kimya ukadhani bando limeisha. Bando lipo. Nilikaa hapa Misunkumilo nikilitazama jina la mdogo wangu. Sasa tulia, nitakujibu kwa urefu, na usiniambie wazee tunapenda kuzunguka.

Bibi yetu, mama yake baba, aliitwa Nyanzobe. Inyonga nzima hakukuwa na mwingine wa jina hilo. Alikuwa mkunga, nusu ya watu wa rika langu walipokewa na mikono yake. Alipika wanzuki, pombe ya asali, iliyowafanya wazee wazima waimbe nyimbo za jando. Aliwahi kumshitaki kiongozi wa kijiji aliyemnyang'anya shamba, akashinda, akarudi nyumbani akipiga vigelegele mwenyewe kwa sababu wengine waliogopa kumpigia.

Ila alikuwa na mwaka mmoja mbaya. Kabla sijazaliwa, familia ililima tumbaku. Unaijua bani, kile kibanda cha kukaushia majani kwa moto wa kuni, moto ambao hauruhusiwi kuzimika. Bibi alikuwa anauchochea, mtoto wake mdogo kalala ndani pembeni. Akatoka kufuata kuni. Aliporudi, paa la nyasi lilikuwa limeshika moto, na mtoto hakutoka. Msimu uliofuata tumbaku yao ikauzwa vizuri kuliko ya wote. Basi watu wakaunganisha wenyewe: Nyanzobe kamtoa mwanawe kafara.

Yakasemwa, yakachosha, yakaisha. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Mimi naongeza: mpaka mtu ayachokonoe.

Kaka Deo, mtoto wa baba yangu mkubwa, ndiye aliyeyachokonoa, na alifanya hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mwalimu, msomaji wa kupitiliza, na ile hadithi ilimuuma. Akaamua kumtetea bibi kwa riwaya. Ndani yake, mwanamke anasingiziwa, anateseka, na sura ya mwisho kijiji kizima kinamwomba radhi. Jalada lilikuwa na picha ya bani inawaka, na juu ya moto, neno moja: Nyanzobe.

Nilimuuliza kwa nini jina la bibi. Akanijibu kwa ile sauti yake ya darasani:

“Kitabu ukikiita huzuni, msomaji hajui ni huzuni ya nani. Ukitaja jina, atamtafuta mwenye jina.”

Na kweli walimtafuta.

Walionunua walikuwa wachache. Waliofika sura ya mwisho, hao hata sitaki kuwahesabu. Lakini jalada lilipita mikono yote gulioni. Walioweza kusoma waliwasomea wasioweza, na kulikuwa na neno moja tu la kusoma. Picha ya bani haikuhitaji msomaji. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwenye foleni ya mashine ya kusaga, “Lisemwalo lipo. Si unaona? Hata mjukuu wake kaandika.”

Wakaacha kumwita kwenye uzazi. Binti wa jirani yetu kabisa alishikwa na uchungu mchana kweupe, wakampakia kwenye baiskeli wakapita mbele ya mlango wetu, bibi kasimama, keshajifunga kanga yake ya kazi. Hawakumsalimia. Alisimama pale mpaka vumbi likatulia, ndipo akafungua kanga akaikunja. Watoto aliowapokea yeye mwenyewe wakawa wanakimbia akipita. Nikiwaita wazazi wao washenzi, bibi ananikataza. Mimi nawaita hivyo mpaka leo.

Siku moja akaniambia, “Nisomee hicho kitabu changu.” Hakujua kusoma. Tukawa tunakaa uani mchana, yeye anapukuchua mahindi, mimi nasoma. Hakulia pale nilipodhani atalia. Nilipomaliza alipuliza makapi kwenye ungo, akasema, “Huyu mwanamke ananitia huruma. Lakini simjui.”

Kaka Deo alipokuja likizo, bibi alimkalisha kwenye kigoda. Mimi nilikuwa mjamzito, nimeegemea ukuta, nilisikia kila neno.

“Deo mjukuu wangu, umeandika mwaka mmoja ukauita Nyanzobe. Miaka mingine yote ilikuwa ya nani?”

“Bibi, mwisho nimekutetea. Wote wanakuja kukuomba msamaha.”

“Kwenye kitabu. Hapa nyumbani amekuja nani?”

Deo akageuka akatazama njiani, kama kuna anayekuja.

“Ungeniita jina lingine kule ndani,” bibi akasema, “ningesikiliza kama wengine, ningemlilia huyo mama, na jina langu lingebaki langu. Sasa nikiitwa, naogopa kuitika.”

Wanasema nia njema ni tabibu. Siku ile niliona tabibu amemchoma mgonjwa sindano ya sumu, naye analia kuliko mgonjwa. Deo alitaka kuzunguka akusanye vitabu vyote. Bibi akamwambia akapumzike. Maji yakimwagika hayazoleki, na vitabu vilikuwa vimeshafika Mpanda na kwingine tusikokujua.

Alikufa kabla mvua hazijaanza. Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo penye jibu lako. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, ukoo unakaa, na jina la marehemu linapewa mtoto. Mtoto anapakwa unga kwenye paji la uso, anaitwa jina hilo kwa sauti, na wote wanajibu, “Amerudi.” Mtu kama bibi, mkunga, kwa kawaida jina lake lingegombaniwa.

Mimi nilikuwa na binti mchanga kifuani, naye bibi aliniomba kwa kinywa chake nimpe jina lake. Nikasimama nikasema, mpeni huyu. Mama mkwe akainuka kabla sijamaliza. “Mjukuu wangu hawezi kubeba jina la bani. Mnataka naye aimbiwe kwa dhihaka shuleni?” Mume wangu akatazama chini. Wakamwuliza shangazi mwenye mtoto wa kike, akasema wa kwake ameshabatizwa. Wakamwuliza mwingine, naye akamfunika wa kwake kwa kanga. Unga ukakaa kwenye sahani mpaka mama mmoja akaurudisha jikoni. Binti yangu akaitwa Neema, nami nampenda Neema, lakini hasira ile sijaimeza.

Bibi hajarudi, mwanangu. Jina lake halina mtu.

Kwa hiyo unaniuliza kama inafaa. Inafaa, tena kupita kiasi. Jina la mtu juu ya kitabu lina nguvu kuliko maneno mengine yote utakayoyaandika ndani, na ndiyo maana naliogopa. Ukiweka jina, umemwahidi msomaji mtu mzima mzima: kicheko chake, ubishi wake, wanzuki yake, siyo msiba wake peke yake. Kama unao mwaka mmoja tu wa mtu, ipe riwaya jina la huo mwaka. Na kama mtu huyo umemwumba mwenyewe kichwani, mwite unavyotaka, mwandike hata kwa dhahabu, hakuna wa kumuumiza.

Lakini huyu wako ni mama yako, yu hai, ana genge la nyanya pale Kashaulili. Najua umeandika ile miezi aliyolazwa akili ilipomruka, baba yako alipofariki. Najua umeandika kwa upendo. Nenda ukakae naye, zima simu, msomee mwanzo hadi mwisho yeye akiwa anapanga nyanya zake. Akisema weka jina langu, weka, nami nitanunua cha kwanza. Akisema simjui huyu mwanamke, tafuta jina lingine siku hiyohiyo, wala usimbembeleze. Nyie vijana mnadhani jina ni la kumtambulishia mtu. Kwetu jina ni kiti, wengine wanakuja kukikalia.

Mungu akujalie kalamu isiyokauka na miaka mingi ya kuitumia. Uzeeke, meno yakutoke, na siku wajukuu zako watakapogombana nani apewe jina lako, akuache hai kidogo usikie ugomvi wao.