Fungu la Mjomba Sadala

Mume wangu Mhina aliendesha magari ya serikali miaka thelathini na mmoja bila kugonga hata kuku. Muulize mtu yeyote mzima wa Korogwe, atakuambia. Mimi nitakuambia wasilolijua: dereva hodari huyo alishindwa na friji. Na mimi Mwanaidi, mkewe, niliyejiona nina akili kuliko ukoo wao mzima, nilishindwa na mdomo wangu. La friji naweza kulisimulia huku nacheka. La mdomo limenikaa kooni, na kwa kuwa mwenyewe ameshatangulia, leo nalitoa.

Mhina alikuwa yatima. Alilelewa na mjomba wake, Sadala, ndugu wa mama yake, huko ndani Handeni. Mjomba alimfundisha kushika jembe, akampeleka chuoni na shuleni, akamnunulia viatu vya kwanza. Basi mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini, Mhina alikuwa akiendesha lori. Siku moja akapewa orodha ya nyumba za kubeba, na ya tano ilikuwa ya mjomba. Angeweza kujidai mgonjwa. Hakujidai. Alipakia kinu, kuku, milango miwili na mjomba mwenyewe, akawapeleka kijiji kipya, nyika ya kuelekea Kibirashi, mahali ambapo hapakuwa na mwembe wala kaburi la mtu wao. Kule mjomba aliteremka, akashusha kinu chake kwa mikono yake mwenyewe, akasema, "Umenifikisha. Sasa nenda." Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Miaka miwili ikapita. Mhina akahamishiwa mradi wa visima, nami nikajifungua mtoto wetu wa kwanza, Athuman. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kwa wakwe zangu, mtoto wa kwanza akichinjiwa akika, paja la kulia ni la mjomba wa baba yake. Baba mtu hulipeleka kwa mkono wake, likiwa bichi. Likishapokelewa na kupikwa katika nyumba ya mjomba, maneno yote ya nyuma yamekwisha. Hakuna kikao, hakuna kuombana radhi mbele ya watu. Mhina alikuwa mtu wa maneno machache, na njia hiyo aliingoja kama mgonjwa anavyongoja dawa.

Tatizo lilikuwa mwendo. Kutoka Korogwe mpaka kule ilikuwa siku mbili, kwa barabara za wakati ule na kwa vituo vya kazi njiani. Nyama mbichi ingefikaje?

Ikatokea kwamba mradi uliachiwa kombi la kulala na mtaalamu mmoja aliyerudi kwao. Lilikuwa na kitanda cha kukunja, jiko la mafuta, tangi la maji na mapazia ya maua. Wapimaji wa visima walikaa porini wiki mbili mbili, na chakula kiliwaozea. Bwana Kaleb, mkuu wa mradi, akamwambia Mhina achague njia ya kuweka chakula baridi ndani ya kombi. Mhina akarudi nyumbani amejaa furaha kana kwamba kapandishwa cheo. Friji la wapimaji lingekuwa friji la mjomba.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa sanduku la bati lililozungushiwa pumba za mpunga, na barafu ya kuombwa kwa jamaa wa Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme. "Barafu ya Hale haifiki hata Handeni," akasema. Ya pili ilikuwa mtungi ndani ya mchanga wa maji, umefunikwa gunia bichi. Hiyo ilikuwa yangu. Kwetu Vugiri tulihifadhi maziwa hivyo, ingawa kweli Vugiri yenyewe ni baridi bila mtungi. Akanitazama kwa huruma. "Mtungi kwenye mashimo ya barabara, mama Athuman?"

Ya tatu ilikuwa friji la mafuta ya taa, lililobaki katika nyumba ya meneja wa zamani wa shamba la mkonge. Lilikuwa jeupe, zito kama ng'ombe, na chini lilikuwa na taa ndogo yenye utambi. Moto unaoleta baridi! Mhina alilipenda papo hapo. Aliyelitunza alikuwa mzee Ernesti, mpishi wa meneja kwa miaka ishirini, na siku ya kulichukua alitupa onyo moja tu.

"Hili halisogezwi," alisema. "Bwana alikuwa hataki mtu alisogeze hata kwa kidole. Aliliweka kwa kipimo cha fundi mwashi."

Mhina alicheka mpaka tulipofika nyumbani. "Bwana alikuwa anaogopa watamlambia siagi," akasema. Nami nikacheka naye. Ndivyo tulivyowajua mameneja wa mkonge. Kila kitu chao kilikuwa hakiguswi, kuanzia kiti cha barazani hadi maua ya bustani. Hatukuwaza kwamba safari hii amri ilikuwa ya friji lenyewe, si ya bwana.

Kwanza alilijaribu uani kwetu, likiwa limetulia juu ya sakafu ya saruji. Baada ya siku moja lilitoa barafu. Majirani walikuja na vikombe, na bibi mmoja alishika kipande akapiga kelele kwamba kimemuuma. Mhina alisimama pale mikono kiunoni, anatabasamu kama bwana harusi. Hapo hata mimi nikakinga kikombe.

Tulichinja baada ya arobaini. Asubuhi ya safari nilimwambia, "Baba Athuman, tuibanike nyama. Moshi hauna utambi."

"Ukiibanika ni chakula cha mgeni," akajibu. "Mjomba si mgeni wangu."

"Basi tungemchukua mbuzi mzima, akachinjwe huko."

"Fungu haliendi kwa miguu yake, Mwanaidi."

Nikanuna. Nikapanda kombi na mtoto wangu, nimejaa kisirani, na nakiri kwamba tangu hapo nilikuwa naomba kimoyomoyo friji lile limwaibishe. Si mjomba niliyemwazia, wala amani ya mume wangu. Nilitaka kushinda tu.

Tulilala Sindeni, sisi na wapimaji tuliowabeba. Mhina alikataza mtu kufungua mlango wa friji, baridi isije ikatoka. Kesho yake, baada ya Handeni, tuliwashusha wapimaji kwenye kisima ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha mifugo. Mmoja wao, Koikai, alimjua mjomba. Mhina alimsalimu, akamuuliza habari zake.

"Yupo," Koikai akasema. "Mimi napita njia ya mkato, nitafika kabla ya gari lako. Nimwambie nini?"

Mhina alifikiri kidogo. "Mwambie Mhina anakuja na mtoto."

Wakati wapimaji wakishusha vyombo vyao, Koikai alikuwa ameshakwenda, rungu mabegani. Sisi tukazunguka na njia ya gari, Mhina na mimi na mtoto. Tulibakiza mwendo wa saa moja tulipofika kwenye korongo. Mhina akasimamisha kombi. Alitaka kulipanga fungu lake kwenye sinia safi kabla ya kufika, kama inavyostahili. Akafungua friji.

Harufu ilinifikia mbele nilikokaa. Taa ilikuwa imezimika, nadhani tangu mashimo ya kwanza nje ya Korogwe. Na hata isingezimika, friji lile halikuumbwa kutikiswa. Tulikuwa tumeifungia nyama ndani ya kabati la joto siku moja na nusu. Ilikuwa imebadilika rangi na inateleza mkononi. Mhina aliishika hivyo hivyo, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena upande wa pili.

Hapo ningeweza kusema, "Twende hivyo hivyo." Maneno matatu tu. Badala yake nikacheka, nikasema, "Haya, mpelekee! Mwaka ule ulimvunjia nyumba, leo mpelekee mzoga ale."

Sijui nilitegemea nini. Labda anijibu, tugombane, tuendelee na safari kama tulivyozoea. Alichukua sepetu, akachimba shimo kando ya korongo, akalizika paja la akika ya mwanawe. Akanawa mikono kwa maji ya tangi, muda mrefu, mpaka nikaona yatakwisha. Kisha akaingia, akawasha gari, akaligeuza lilikotoka.

Niliona analigeuza. Nilikuwa na midomo miwili ya kusema "usirudi", na sikusema, kwa sababu nilikuwa bado nimenuna.

Tukapanga kwenda Idi na mbuzi mwingine. Mvua zikakata barabara. Halafu ikawa kazi, halafu homa ya mtoto, halafu ikawa aibu, kwa maana kadiri siku zinavyopita ndivyo mlango wa mtu unavyozidi kuwa mzito. Mwezi wa nne baada ya korongo, habari ikaletwa kwamba mjomba Sadala amefariki.

Safari hiyo tulifika. Njia haikutushinda, nyama hatukuwa nayo, na hakuna aliyetuuliza tumekuja na nini. Baada ya mazishi tuliingia kumpa mkono wa pole mkaza mjomba, mama Mwaija. Alikuwa amekaa mkekani, na nyuma yake kilikuwapo kile kinu. Alimchukua Athuman, akamweka mapajani, akamtazama sana.

"Huyu ndiye aliyengojwa na mjomba wako," akamwambia Mhina. "Koikai alikuja mbio siku ile. Mzee akaoga, akavaa kanzu, akatoa kiti nje. Alikaa mpaka alasiri. Kesho yake wachungaji wakasema gari lilifika korongoni likarudi."

"Tulikuwa tumemletea fungu lake, mama," Mhina akasema kwa sauti ndogo. "La akika. Likaharibika."

Mama Mwaija akashangaa kweli. "Fungu? Mwanangu, meno yalimwisha tangu mwaka ule tulipohamia hapa. Alikuwa akila uji na mlenda. Nyama angeitafuna na nini?"

Kisha akauliza, polepole, bila ukali wowote, swali alilokuwa nalo miezi minne. "Sasa pale korongoni, wanangu, ni nini kiliwarudisha?"

Nilihisi maneno yangu yale yakipanda mpaka kwenye ulimi. Mhina hakunitazama. Yeye, ambaye sikupata kumsikia akisema uongo hata kwa trafiki, alijibu kabla yangu.

"Gari lilikataa, mama."

Aliishi na mimi miaka mingine ishirini na minane. Tulizaa watoto wanne, tuligombana kwa chumvi, kwa ndugu, kwa mambo ya mvua na jua, na mara nyingine nilimchokoza makusudi nikitumaini atanirushia maneno yale ya korongoni, nami nipate kulia na kumwomba radhi. Hakuyataja hata siku moja. Friji, mradi ulipolikataa, lilibaki kwetu, na mpaka leo liko hapa chumbani. Naweka khanga ndani yake.

Na siku ile mkekani, mama Mwaija alipotikisa kichwa na kusema magari ndivyo yalivyo, mdomo huu ambao haujawahi kujua kunyamaza ulinyamaza.