Aaltje anatafuta vumbi, mkwewe ameshapiga deki

Saa mbili asubuhi, Aaltje Wubbels amepiga magoti kwenye sebule ya mwanawe, kitambaa cheupe mkononi, na anakaribia kulia. Sakafu inang'aa. Kizingiti cha dirisha kinang'aa. Hata juu ya fremu ya mlango, ambako nyumbani kwangu mimi buibui wana wajukuu, hakuna kitu.

"Marije," anamwita mke wa mwanawe, "nilikuomba nini?"

"Nisifagie wiki mbili," anajibu Marije kutoka jikoni. "Na sikufagia, mama! Mpaka jana jioni. Sasa wewe ulitaka mama mkwe aingie akute nyumba kama zizi?"

Aaltje hukusanya sampuli kwa ajili ya maabara inayopima mabaki ya dawa za mashambani, hapa mkoani Drenthe, Uholanzi. Hachukui vipimo vya dawa yenyewe tu. Anawinda vikolezo vyake: mafuta, sabuni na gundi zinazochanganywa ili dawa ishike jani isioshwe na mvua.

"Sumu yenyewe naijua kwa jina, imeandikwa kwenye kopo," anasema. "Hawa wapambe wake ndio hawatajwi wote. Kama gundi inashika jani, je, haishiki zulia?"

Kuchota maji ya mitaro ya mashambani hakumsumbui, mtaro haupigwi deki. Tatizo ni nyumba. Kati ya kaya kumi na mbili alizopewa kijijini, tisa zilisafishwa kwa heshima yake. Mzee mmoja alimsubiri akiwa amevaa tai, na hewa ikinuka sabuni tangu barabarani. Akampa kahawa, akampa biskuti moja kama ilivyo desturi hapa, akafunga kopo lake, kisha akamuuliza kwa fahari: "Umepata vumbi?"

Aaltje hucheka anaposimulia hayo. Leo hacheki.

Mayungiyungi, maua ya biashara yanayolimwa hapa, huhamishwa shamba kila mwaka, na mwaka huu zamu imeangukia shamba la nyuma ya nyumba hii. Trekta la kunyunyiza dawa hupita karibu kila wiki. Sebuleni kuna Fenna, mjukuu wake, ambaye ndiyo kwanza anatambaa. Huramba kila anachookota. Sasa hivi anaramba kiatu changu mimi mwandishi.

"Usiku nikifumba macho naona viganja vyake tu," anasema Aaltje. "Naviona vinatoka sakafuni vinakwenda mdomoni."

Jorrit, mwanawe, anaingia akiwa na soksi. Viatu vyake vya mbao vimebaki nje.

"Mama, umemkataza mwanamke wa Drenthe kufagia? Ungemkataza kupumua ingekuwa rahisi zaidi."

"Nyamaza wewe. Wewe ndiye uliyeshika ndoo jana, nakujua."

Jorrit anaangalia dari. Ndoo aliishika.

Kahawa niliyokaribishwa nitainywaje hapo? Naikoroga tu. Marije ametoka jikoni, amekaa kwenye kiti, mzaha umemtoka. Anasema majirani wakipita hutupa jicho ndani, kama kila mtu afanyavyo hapa, ambapo mapazia huachwa wazi mchana kutwa ili ionekane kwamba hakuna cha kuficha. Wangeliona vumbi.

"Basi funga mapazia," anasema Aaltje.

Pazia lililofungwa mchana kijijini hapa ni msiba, au ni talaka.

"Watasema tumeachana," anasema Jorrit.

"Waseme!" Marije anageuka kwa ghafla. "Mimi nataka kujua. Lakini mama, fikiria. Ili upate vumbi lako, lazima niliache. Na Fenna anatambaa humo humo."

Hilo ndilo lililomkosesha Aaltje usingizi, na halikuwa limesemwa na mtu. Anamchukua Fenna, anamfuta viganja kwa ncha ya sweta yake, kimoja kimoja.

"Atakaa kwangu mjini," anasema hatimaye. "Wiki mbili. Wewe uje kulala naye. Jorrit abaki hapa na uchafu wake."

"Na kama mkipata kitu?" anauliza Jorrit. Safari hii hatanii.

"Kwanza tujue."

Mpango wake kwa nyumba nyingine ni kwenda bila kutoa taarifa ya siku, hata kama atafunguliwa mlango kwa kununiwa. Maabara imekubali, mradi wenye nyumba wakubali mwanzoni.

Kuhusu nyumba hii, ana ombi moja. "Nimefanya kazi hii kwa bidii ili nipate kitu. Hapa naomba nikose. Kitambaa kirudi maabara kikiwa kichafu, na wakute ni uchafu tu. Kijiji kizima kinicheke."

Anamvalisha mjukuu koti. Nyuma yetu Marije anashika pazia la sebule, anasita kidogo, kisha analivuta. Mama mmoja aliyekuwa akipita kwa baiskeli anapunguza mwendo.