Mji mpya unapimwa kwenye shamba letu Kilosa, ila wanangu wanaambiwa hawana kwao

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mtu wa kusoma nyuzi za watu na kupita zangu. Ila hili limenivuruga kichwa, nalileta kama lilivyo, chumvi sijaongeza.

Mimi ni Mkaguru wa Kilosa, naishi Mbagala, Dar, na mke wangu na mabinti wawili. Chumba na sebule, jirani akikohoa sisi tunamjibu pole.

Sasa kijijini kwetu, nje kidogo ya Kilosa mjini, unapangwa mji mpya. Wanataka watu wapungue Dar, wahamie huko, treni ya SGR si ipo? Wenye mashamba wanatoa ardhi, inapimwa, barabara zinachongwa, kisha kila familia inarudishiwa viwanja kadhaa. Vinavyobaki anapewa yeyote anayeomba.

Niliposikia nikasema kweli Mungu si Athumani. Nikabeba familia nzima, tukapanda treni.

Siku ya kupima, afisa mipango miji, dada mmoja mchangamfu, alifika shambani kwetu na mchoro wake. Hapa soko, hapa shule, hapa stendi. Akauliza, "Hiki cha kona cha familia tuandike jina gani?"

Nikadakia, "Andika majina ya mabinti zangu."



Mjomba wangu, kaka yake marehemu mama na ndiye msimamizi wa ardhi ya ukoo, akanitazama kama nimekojoa kisimani.

"Hao tunawapenda sana," akasema. "Lakini si wa ukoo huu."

Ngoja niweke sawa kwa wasiotujua. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mimi nina haki pale kwa sababu ya mama yangu, na nikifa, sehemu yangu inakwenda kwa watoto wa dada yangu. Hayo nayajua tangu mdogo, na yalikuwa matamu kweli yalipokuwa yananifaidisha mimi.

Mjomba akaendelea kwa upole, "Watoto wana kwao, kwa mama yao."

Hapo mke wangu akashindwa kuvumilia. Yeye ni Mchagga wa Kibosho.

"Mjomba, naomba radhi. Kwetu sisi mtoto ni wa baba. Nikiwapeleka Kibosho, kaka zangu wataniambia niwarudishe huku huku."

Mjomba alishangaa kwa dhati kabisa. "Sasa watoto hawa ni wa wapi?"

Binti yangu mkubwa alikuwa anaruka kutoka bikoni hadi bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, anamwambia mdogo wake hapa ndipo chumba chetu.

Nikamgeukia afisa. Akasema mchoro wake una namba za viwanja tu, mambo ya koo tukubaliane wenyewe.

Nikamgeukia dada yangu, maana wanawe ndio warithi. Akainama kung'oa magugu, kwenye shamba ambalo greda linakuja kulisafisha lote. Sijui alikuwa anaona haya au anaombea nisimuulize.

Jioni mjomba akaniita nje.

"Hivi vile viwanja vinavyobaki, anapewa nani?"

"Yeyote, mjomba. Hata mtu wa Dar tusiyemjua."

"Mgeni kabisa?"

"Mgeni kabisa."

Uso ukamkunjuka, kama mtu aliyepata dawa ya jino.

"Basi mwanangu, waandikishe wanao kama wageni. Mgeni hatumnyimi."

Wakuu, mpaka sasa sijui kama pale nilipewa au nilinyimwa. Nilisema asante, maana kwa mjomba huna jibu lingine.

Maombi nimepeleka. Kiwanja nilichoomba kinapakana na makaburi ya familia, alipolala mama yangu. Bibi mwenyeji, wajukuu wageni, ukuta mmoja.

Nilichojifunza: kabla hujaanza kupiga hesabu za vyumba kwenye mji mpya, kaa na mwenzako mjue kila upande unawahesabu wapi watoto wenu. Sisi tuliulizana rangi ya bati.

Waliooana makabila tofauti, nyie mlifanyaje? Njooni mnisaidie, matusi wekeni pembeni.

Maana tukiwa kwenye treni ya kurudi, mkubwa aliniuliza, "Baba, tutahamia lini kwetu?"

Mimi nilimwambia alale. Nyie mngemjibu nini?