Shemeji yangu alimpunguzia mgeni bei mlangoni kwake Mtae, app ikamshusha mkiani

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Ninachosimulia ni cha kweli. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wahusika wanajua kusoma na mmoja wao ndiye hunipikia sikukuu zote.

Mimi ni mtu wa makala. Nilisoma chuo kikuu, nikarudi kuishi Lushoto, naandika mambo ambayo mhariri huyakata nusu na wasomaji huiruka nusu iliyobaki. Kwa hiyo nikigusa sheria hapa msishtuke, sina cheo chochote.

Shemeji yangu, tumwite Mama Upendo, ni mjane wa kaka yangu. Ana nyumba ya wageni Mtae, kule mwisho wa barabara, ukifungua dirisha asubuhi mawingu yako chini yako. Vyumba vichache, blanketi nzito, chai ya maziwa. Kaka aliijenga, akaugua, akamwachia. Ndiyo pensheni yake.

Wageni wengi humpata kupitia app moja kubwa ya booking ya kimataifa. Siitaji jina.

Sasa, Mama Upendo ana tabia moja. Mtu akifika kwake kwa miguu, ametembea milimani na guide wake, tope hadi magotini, anampunguzia bei. Siyo mkakati wa biashara. Ndivyo alivyolelewa: mtu aliyekupandia mlima huwezi kumtajia bei kama umekutana naye dukani. Na kwa kuwa kwa mgeni wa mlangoni app haimkati yeye kamisheni, hapati hasara.

Kiangazi kimoja wakaja mume na mke, wazee wa Kizungu. Walilipia usiku wa kwanza kwenye app, wakafika wakitembea, wakapapenda, wakaongeza siku. Siku za nyongeza akawapa bei ya mlangoni.

Waliporudi kwao wakamwandikia maoni mazuri kupita kiasi. Chakula kitamu, mama mkarimu, na ukikaa zaidi anakutoza nafuu kuliko bei ya hapa kwenye app!

Mama Upendo aliwasomea kinamama wa kwaya kanisani, akitafsiri sentensi moja moja. Wakampigia vigelegele.

Haikupita muda akapata ujumbe kutoka kwa app. Kwa adabu kabisa, ukamkumbusha kwamba mkataba aliokubali siku ya kujiunga unamkataza kutoza bei ya chini popote pengine, mlangoni kwake kukiwemo. Athibitishe kwamba amerekebisha. La sivyo, nyumba yake "itaonekana kwa nadra".

Akanipigia simu.

"Shemeji, wanasema nimepunguza bei."

"Na ulipunguza?"

"Nimepunguza. Nyumba ni ya nani?"

Hakuthibitisha kitu. Na kweli akaonekana kwa nadra. Ukitafuta malazi Lushoto unaburuta kidole hadi kinachoka, unakuta lodge zenye picha za mtu mwingine, halafu chini kabisa ndiyo yeye. Booking zikakauka. Halima, mpishi wake, akaambiwa aje nusu wiki.

Mama Upendo akasema msimu ujao ukiwa hivyo anafunga, anahamia kwa mwanawe Upendo, Tanga. "Nyumba ina feni kila chumba na hakuna jirani anayekusalimia," alisema, kwa sauti ya mtu anayeelezea gereza.

Hapo ndipo udadisi ukanishika, wakuu.

Inakuwaje kampuni isiyomiliki hata mto mmoja wa kulalia iamue bei mlangoni kwa mjane wa Mtae? Nikaanza kusoma.

Kumbe jambo hili lina historia. Kuna nchi kadhaa za Ulaya zimepiga marufuku masharti ya aina hii. Yaani wale wazee huko kwao wanaweza kupunguziwa bei mlangoni bila mwenye hoteli kuguswa. Kwetu mkataba unabana.

Lakini niwe mkweli, app nayo ina hoja. Inasema: sisi tunakutangaza dunia nzima, mgeni anakuona kwetu bure, halafu anakuja kulipa kwako pembeni. Nani atalipia matangazo?

Hoja hiyo ilinikera kwa sababu niliwahi kufanya hivyo hivyo Moshi. Nilichagua hoteli kwenye app, nikampigia mwenyewe, nikaomba punguzo. Nilijiona mjanja sana.

Basi nikaamua kuwa mkombozi. Nikaitisha kikao cha wenye nyumba za wageni, Lushoto mjini. Nikatoa hotuba. Nilitamka "uchumi wa kidijitali" mara nyingi kuliko afya inavyoruhusu.

Pendekezo langu lilikuwa hili: wote tujitoe kwenye app siku moja, na wote tukubaliane bei moja ambayo hakuna atakayeshuka chini yake, asiwepo wa kumchezea mwenzake. Umoja!

Makofi. Mzee Shemweta, mwenye lodge kubwa kuliko zote, akasimama kunishika mkono. "Msomi wetu leo umetupa kitu." Nilirudi nyumbani nikitembea kama mgombea aliyepita bila kupingwa.

Kesho yake nikampigia Rehema, wakili wa Dar niliyesoma naye. Nilitaka anisifie.

Akanisikiliza, halafu akauliza polepole, "Ngoja. Mmekaa washindani wa biashara, mkakubaliana bei?"

"Ndiyo."

"Na aliyependekeza ni nani?"

"Mimi."

"Usirudie tena hiyo sentensi kwenye simu."

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akanieleza, na hiki ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Sheria yetu ya ushindani ina milango miwili. Washindani wakipanga bei pamoja, hilo ni kosa moja kwa moja. Haijalishi ni makampuni ya saruji au wamama wenye vyumba vinne vinne. Lakini ukitaka kumshtaki mkubwa kwamba anatumia vibaya nguvu zake sokoni, kwanza lazima ionyeshwe kwamba anazo nguvu hizo. Na ili kuonyesha hivyo, lazima useme soko lenyewe ni lipi.

Sasa soko la Mama Upendo ni lipi? Vitanda vya Mtae? Malazi yote ya Tanzania? Au ni kioo cha simu ya mzee mmoja Ulaya anapopanga safari? Kwenye vitanda vya Mtae app haina hata kimoja. Kwenye kile kioo iko karibu peke yake. Ukichora mpaka wa soko vingine, mkubwa anageuka mdogo.

Nililala na swali hilo. Bado ninalo.

Ilibidi nirudi kikaoni kung'oa nilichopanda. Haikuwa siku nzuri. Mzee Shemweta akaniuliza, "Kwa hiyo, profesa, ulitaka kutupeleka jela kwa pamoja? Ndiyo umoja huo?" Halafu akahamia Kishambaa. Kwa heshima ya jukwaa sitafsiri.

Nikawaambia njia iliyobaki ni halali: kupeleka malalamiko rasmi kwa tume ya ushindani, ichunguze lile sharti. Rehema atatusaidia kuandika. Anatakiwa mwenye nyumba mmoja tu, ajitaje na aseme yaliyomkuta.

Mmoja akaangalia simu yake. Mwingine akakumbuka ana wageni wa mchana. Mzee Shemweta akasema taratibu, bila kebehi safari hii, "Mwanangu, mimi nusu ya wageni wangu wanatoka humo. Nikiandika leo, kesho niko wapi?"

Alisema kweli.

Mama Upendo alikuwa amekaa nyuma na khanga yake ya mabegani. Alishuka na basi la alfajiri kutoka Mtae.

"Andikeni jina langu," akasema. "Mimi niko mkiani tayari. Watanishusha wapi tena?"

Tukaandika. Malalamiko yamepokelewa, tunasubiri. Matokeo siyajui, na atakayewaambia anayajua anawadanganya. Nyumba bado iko wazi, kwa shida. Halima bado anakuja nusu wiki. Shemeji hajathibitisha chochote kwa app, na bado anawapunguzia wanaofika kwa miguu.

Nilichojifunza: nilidhani ugumu wa mambo haya ni sheria. Kumbe ni kwamba anayeumizwa anamhitaji anayemuumiza. Sharti linaishi miaka kwa sababu kila anayeweza kulilalamikia bado ana kitu cha kupoteza. Tulimpata mmoja aliyeishiwa, na sijui kama hilo ni la kufurahia.

Wenye gesti, wauzaji wa mitandaoni, madereva wa app: hebu fungueni mikataba yenu ile mliyobonyeza "nakubali" bila kusoma. Mna sharti kama hili? Na wanasheria mliomo humu, lile swali nawaachia: soko la mama mwenye vyumba vichache Mtae mngelichora wapi?

Mnaotaka kunicheka kwa habari ya kikao, karibuni pia. Mzee Shemweta ameshawatangulia.